Friza haigandishi? Haya ndiyo ya kukagua kabla ya kumwita fundi

Friza ikipoteza ubaridi, wengi husema haraka kuwa gesi imeisha. Wakati huo samaki wa wiki nzima wanalainika, barafu za kuuza hazishiki, na mama hajui kama maziwa aliyomkamulia mtoto bado yanafaa. Ukweli ni kwamba sababu nyingi ziko nje ya gesi, na baadhi unaweza kuziondoa mwenyewe bila gharama.

Ubaridi unaotakiwa

Friza ya nyumbani inatakiwa kufikia nyuzi 18 chini ya sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Sehemu ya friji isizidi nyuzi 4. Weka kipimajoto katikati ya vyakula na ukisome kesho yake.

Mambo ya kukagua

Umeme: Saa za jioni umeme ukiwa mdogo, injini hunguruma kisha hukata. Chomoa, subiri angalau dakika 5, ndipo uwashe tena. Hali ikijirudia, tumia stebilaiza.

Mpira wa mlango: Bana karatasi mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hewa ya joto inaingia. Safisha mpira kwa maji ya sabuni. Ukiwa umepasuka, ubadilishwe.

Nyuma ya friji: Joto linalotolewa ndani hutokea huku. Chomoa umeme, futa vumbi kwenye mabomba, na uache nafasi kati ya friji na ukuta.

Barafu: Ikizidi nusu sentimita kwenye kuta, huzuia ubaridi. Zima, acha mlango wazi iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu, kwani ukitoboa bomba gesi yote itavuja.

Upangaji: Kwenye friji zisizoganda barafu, ubaridi husambazwa na feni. Usizibe matundu yake kwa mifuko, wala usiingize chakula cha moto.

Wakati wa kumwita fundi

Injini ikifanya kazi bila kupumzika na barafu ikashika sehemu ndogo tu ya bomba la ndani, huenda gesi imevuja. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Huzunguka humo humo miaka yote. Kwa hiyo fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ubaridi wa muda. Soma pia kibandiko: friji nyingi za sasa hutumia R600a, gesi inayowaka moto. Uchomeleaji ufanyike mahali penye hewa, mbali na jiko.

Chakula kilichomo

Umeme ukikatika, friza iliyojaa hutunza ubaridi takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango haufunguliwi. Nyama au samaki wenye chembe za barafu wanaweza kugandishwa tena. Waliokaa juu ya nyuzi 4 kwa saa 2 au zaidi watupwe, hata kama hawanuki, kwa sababu vijidudu vinavyougua tumbo havitoi harufu kila mara. Maziwa ya mama yaliyoyeyuka kabisa yasigandishwe tena. Yawekwe kwenye friji yenye ubaridi wa kutosha na yatumike ndani ya saa 24.