Ndiga si Jina la Unyonge

Mwaka 1982, chuoni ualimu, mwenzetu wa pwani alitusimulia kuwa kwao, njaa ikizidi, wazee walichimba ndiga, kiazi kikuu cha mwituni. Tulimcheka. Leo hapa Nansio, nikitazama muhogo mchungu ukilowekwa na kuanikwa uwe udaga, naona haya. Ndiga mbichi ina sumu iwezayo kuua. Wazee wale waliikata vipande vyembamba, wakailoweka siku kadhaa katika maji yanayotiririka, wakaianika, ndipo wakaipika. Muhogo ni mgeni, ulivushwa na Wareno kutoka Amerika. Ndiga ni mzawa wa Afrika. Basi, ewe mshairi, ukilitumia neno hili, usilifanye jina la unyonge. Ni jina la elimu, nayo twaizika pamoja na wazee.