Vita Vilipita Same, Mahakama Ikaketi Arusha

Tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 955 na kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Nchi 13 ziliunga mkono, China haikuegemea upande wowote, na nchi moja ikapinga: Rwanda yenyewe, ambayo mwaka ule ilikuwa na kiti barazani. Kigali ndiyo iliyoomba mahakama. Lakini haikukubali ikae nje ya nchi, mbali na waathirika, wala wapangaji wakuu wa mauaji wakwepe adhabu ya kifo wakati wafuasi wao wangeweza kuhukumiwa kifo nyumbani. Februari 1995 likaja Azimio namba 977: makao yatakuwa Arusha.

Mahakama ikapanga katika majengo ya AICC, yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Kwa sisi wa Same, hapo ni safari ya basi isiyofika kilomita 200. Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na kila nikiitafakari mahakama hiyo mawazo hunirudisha chini ya milima yetu ya Upare, mwaka 1916.

Kwanza, sheria yenyewe. Kifungu cha 4 cha hati iliyoiunda mahakama kiliipa mamlaka ya kuadhibu ukiukaji wa Kifungu cha 3 kinachojirudia katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, pamoja na Itifaki ya Pili ya 1977. Kwa lugha nyepesi: hata vita vya watu wa nchi moja vina mipaka, na anayeivuka anaweza kupandishwa kizimbani mbele ya dunia. Haikuwa kazi rahisi. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutoka mahakama ya kimataifa, na ubakaji ukatambuliwa kuwa unaweza kuwa tendo la kimbari. Lakini mashtaka ya kuvunja Mikataba ya Geneva hayakusimama dhidi yake. Hatia ya kosa hilo ilisubiri hadi rufaa ya Georges Rutaganda, mwaka 2003.

Sasa turudi Same. Machi 1916 Waingereza waliiteka Moshi. Mwishoni mwa Mei, Jenerali Jan Smuts aliteremka kusini akifuata reli ya Usambara na Mto Pangani, huku Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck wakirudi nyuma na kuharibu reli na madaraja. Reli ikishavunjwa, chakula na risasi hubebwa na nani? Na watu. Pande zote mbili ziliwachukua wapagazi, wengi kwa nguvu. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa.

Usidhani sheria ilikuwa haijazaliwa. Uingereza na Ujerumani zote zilikuwa zimeridhia Kanuni za The Hague za 1907. Kifungu cha 52 kilisema huduma zinazodaiwa kwa wenyeji wa nchi iliyokaliwa zilingane na uwezo wa nchi hiyo, na zisiwalazimishe kushiriki vita dhidi ya nchi yao. Mwaka 1917 Waingereza walikusanya wapagazi kwa mkupuo, Kenya na katika maeneo waliyoyateka huku kwetu. Nani angesimama kumtetea Mpare kwa kifungu hicho? Kwa macho ya watawala, nchi hii haikuwa yake hata kidogo. Ilikuwa ya Mjerumani jana, ya Mwingereza leo.

Hapo ndipo ninapoona maana ya Arusha. Sheria bila mahali pa kushtakia ni karatasi. Mahakama ile ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000, ikawahukumu vifungo watu 62, ikawaachia huru 14, kisha ikafunga milango Desemba 2015. Unaweza kulalamika kwamba ilikwenda polepole, na kwamba Mnyarwanda wa kawaida aliiona kwa mbali, kama Kigali ilivyoonya. Lakini maneno ya mashahidi yamehifadhiwa, na kumbukumbu zake ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha.

Wapagazi hawana Lakilaki yao. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Katikati ya Dar es Salaam, sanamu ya mwaka 1927 inamwonyesha askari na bunduki yake. Mbebaji amebaki katika jina la soko, Kariakoo, lililotokana na jeshi la wapagazi, na wengi tunanunua nguo pale bila kujua.

Katika ukoo wetu yumo mmoja anayesemwa kwa neno moja tu: alichukuliwa. Jina lake halikushikwa. Tasnifu yangu haiwezi kumfungulia kesi mtu yeyote, na wa kushtakiwa wamekufa zamani. Kinachowezekana bado ni kupanda Mbaga, Gonja, Chome na Suji, kijiji kwa kijiji, na kuuliza nani walichukuliwa, kabla wazee wa mwisho wenye majina hayo hawajaondoka nayo.