Jalada Lisitoke Masjalani: Uhariri wa Mafaili Ndani ya Mifumo ya Usimamizi wa Nyaraka

Mfumo wa usimamizi wa nyaraka, yaani programu inayotunza mafaili ya taasisi katika hazina moja pamoja na taarifa za nani aliyaandika, lini, na nani anaruhusiwa kuyafungua, kwa kawaida hununuliwa kwa kuangalia wingi wa mafaili unaoweza kubeba na wepesi wake wa kutafuta. Makala hii inashikilia kwamba vipimo hivyo havitoshi, kwa kuwa waraka huharibika zaidi unapohaririwa kuliko unapokuwa umehifadhiwa, na kwamba mfumo unaomlazimisha mtumishi kulitoa faili nje ili alisahihishe umeshindwa kazi yake ya msingi.

Namna hasara inavyotokea inaonekana wazi katika mkataba mmoja tu. Afisa ununuzi anapakua rasimu saa tatu asubuhi, na nusu saa baadaye mwanasheria anapakua rasimu ileile. Afisa anarekebisha bei na kuipakia saa tano, kisha mwanasheria, ambaye nakala yake bado ina bei ya zamani, anaandika upya kifungu cha usuluhishi na kuipakia saa sita. Toleo linalobaki juu lina kifungu kipya na bei iliyokwisha kufutwa, na hakuna onyo lililotolewa kwa yeyote kati yao. Mfumo unaotunza matoleo yote utakuwa umeihifadhi kazi ya afisa, lakini kuhifadhiwa huko hakusaidii kama hakuna anayejua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Dawa ya kale ya tatizo hili ni kufuli, yaani alama ya kielektroniki inayotangaza kwamba faili liko mikononi mwa mtu fulani na kwamba wengine wanaweza kulisoma tu. Waandishi wa programu za kompyuta walilikabili jambo hili mapema: Marc Rochkind alibuni mfumo wa SCCS katika maabara za Bell mwaka 1972, na Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akafuatia na RCS mwaka 1982. Kwa nyaraka za ofisini, hatua kubwa ilikuwa WebDAV, itifaki iliyochapishwa mwaka 1999 na kusahihishwa mwaka 2007, ambayo inaiwezesha programu ya kuandikia kufungua faili moja kwa moja kutoka kwenye seva na kulihifadhi hukohuko. Programu huomba kufuli, seva huipa hati maalumu ya utambulisho, na jaribio lolote la kuhifadhi bila hati hiyo hukataliwa kwa jibu namba 423, ambalo maana yake ni kwamba faili limefungwa.

Hata hivyo, kufungua faili kutoka kwenye seva hakutoshi kama seva haielewi tabia ya programu inayolihariri, na hapa ndipo mifumo mingi imejikwaa. Programu nyingi za kuandikia, Word ikiwa mojawapo, haziandiki juu ya faili lililopo. Huandika maudhui mapya katika faili la muda, hulibadilisha jina faili la awali, hulipa faili la muda jina lile la awali, kisha hulifuta la zamani. Katika diski ya kawaida utaratibu huo ni kinga njema dhidi ya kukatika kwa umeme. Katika hazina ya nyaraka iliyounganishwa kama diski ya mtandao, seva huweza kuona jambo tofauti kabisa, kwamba waraka wenye historia ya matoleo kumi na moja umefutwa na mwingine usio na historia umezaliwa kwa jina lilelile, na ruhusa pamoja na maelezo yaliyofungamanishwa na waraka wa kwanza yakaenda nao. Mbunifu makini huifundisha seva kuutambua mfuatano huo wa hatua na kuuhesabu kuwa ni uhariri mmoja.

Kwa miaka mingi mifumo mingine ilitegemea vijiprogramu vya Java vilivyoendeshwa ndani ya kivinjari, na Chrome ilipoacha kuvipokea mwaka 2015, kisha Firefox mwaka 2017, watumishi walirudi kwenye kupakua na kupakia, na majina kama «mkataba_mwisho_sahihi_2» yakajaa tena kwenye kompyuta zao. Lawama kwa watumishi hao si ya haki. Mtu mwenye kazi ya kukamilisha kabla ya saa tisa alasiri atafuata njia fupi, na ni wajibu wa mbunifu kuhakikisha njia fupi ni ile ya ndani.

Zipo hoja dhidi ya kufuli, na ile yenye uzito ni kwamba mtu anaweza kwenda likizo akaacha faili limefungwa. Jibu lake ni kufuli lenye ukomo, kama katika itifaki ya WOPI inayounganisha hazina za nyaraka na vihariri vya mtandaoni, ambamo kufuli hufa baada ya dakika 30 lisipohuishwa. Uhariri wa pamoja kwa wakati mmoja, ambao misingi yake iliandikwa na Ellis na Gibbs mwaka 1989, unafaa sana kwa rasimu. Waraka uliokwisha kusainiwa ni jambo jingine, na haupaswi kuhaririwa kabisa.

Masjala za serikali zilikuwa na kanuni hiyo kabla ya kompyuta: kila karatasi hupewa namba ya folio kwa mfuatano, na afisa asiyekubaliana na mwenzake huandika dokezo lake chini ya lile lililotangulia bila kulifuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inafuata mantiki ileile, kwani kifungu cha 18 kinaelekeza kwamba, katika kupima uzito wa ujumbe wa data kama ushahidi, iangaliwe namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Faili lililozunguka kwenye barua pepe na kurudishwa bila kumbukumbu ya safari yake litakuwa na wakati mgumu mbele ya kipimo hicho.

Kwa hiyo taasisi inayotangaza zabuni ya mfumo wa nyaraka isiridhike na maonyesho ya utafutaji. Iwaketishe watumishi wawili mbele ya faili moja, iukate mtandao katikati ya uhariri, ifungue orodha ya matoleo kuona kilichobaki, na isisaini mkataba kabla ya jaribio hilo kufaulu.