Chombo kilichozaliwa na mtandao dhaifu

Wandugu wasomi, leo niwaletee historia ya kitu kidogo ambacho kinakaa ndani ya ordinateri za wengi wetu, na hatuulizi kilitoka wapi: zile programu za kupakua video, ao kutelesharje kama tunavyosema kila siku. Kuko watu wanaoziita kazi ya wezi. Mimi sikubali. Nikifuata historia yake, naona zilizaliwa na shida moja ambayo sisi huku Kongo tunaijua sana: mtandao wa polepole.

YouTube ilianza mwaka 2005. Mwaka uliofuata, Mhispania mmoja, Ricardo Garcia, alikuwa angali anaingia kwenye intaneti kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde. Tufanye hesabu: kwa mwendo ule, video ya mega 10 inaomba karibu dakika 24, hata kama laini haikatiki. Kuiangalia moja kwa moja ilikuwa taabu tupu. Basi akaandika programu fupi kwa lugha ya Python: ilete kwanza faili yote, kisha mtu aangalie kwa utulivu. Akaiita youtube-dl. Mwaka 2011 aliachia wengine kazi ya kuitunza, na ikakua mpaka ikaweza kupakua toka tovuti nyingi sana.

Na inafanya kazi namna gani? Ukiangalia video yoyote, tayari ordinateri yako inaipokea kipande kwa kipande, kisha inaitupa. Programu ya kupakua inakamata vile vipande na kuviweka. Ni ile ile data, tofauti ni kwamba inabaki.

Kwa mwanafunzi anayejifunza kuprogramu, kuko njia nyepesi zaidi: maktaba ya Python inayoitwa pytube. Maktaba hapa ni kodi iliyokwisha kuandikwa, wewe unaiita tu ndani ya programu yako. Waliotengeneza pytube walitaka iwe ndogo, isiyotegemea maktaba zingine. Mistari mitatu inatosha: unaita maktaba, unatoa anwani ya video, unachagua ubora na kupakua. Ubora wa 360 unakuja picha na sauti pamoja, na haukuli mega mingi. Ule wa juu kabisa unakuja picha mbali, sauti mbali, na inabidi kuviunganisha kwa programu kama ffmpeg.

Lakini wepesi uko na bei yake. YouTube ikibadilisha kichezeo chake, maktaba inakwama mpaka mtu airekebishe. Pytube ilipobaki bila matunzo, wengine waliichukua kodi yake na kutengeneza pytubefix. Ni vile vile toka youtube-dl kulizaliwa yt-dlp mwaka 2021.

Sasa tuje kwenye sheria, juu pale ndipo historia inakuwa tamu. Mwaka 1976, kampuni za filamu Universal na Disney zilishitaki Sony kule Marekani kwa sababu ya Betamax, mashine ya kurekodi televisheni nyumbani. Mwezi wa kwanza 1984, Tribinali Kuu iliamua kwa sauti 5 dhidi ya 4: kurekodi kipindi ili ukiangalie baadaye si kosa, na mwenye kuuza mashine hahukumiwi ikiwa mashine iko na matumizi mengi ya halali.

Tarehe 23 mwezi wa kumi 2020, chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kilidai youtube-dl itolewe kwenye GitHub, kikisema inavunja kufuli inayolinda nyimbo. GitHub iliifunga. Watu wakaanza kusambaza nakala fasi zote. Wanasheria wa shirika la EFF walieleza kwamba programu haivunji kufuli yoyote, inasoma tu maelekezo ambayo YouTube yenyewe inatumia kila kivinjari. Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja GitHub iliirudisha, na ikatenga dola milioni 1 kusaidia watengenezaji wanaoshitakiwa namna ile.

Msidhani mambo yaliishia pale. Mwaka 2023, tribinali ya Hamburg, Ujerumani, ilihukumu kampuni iliyokuwa inahifadhi tovuti ya youtube-dl. Kati ya washitaki kulikuwa Sony, upande wake wa muziki. Yaani jina lile lile lililotetea haki ya kurekodi mwaka 1984, safari hii lilisimama upande mwingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "sheria iko wazi", muulize: sheria ya wapi, na ya mwaka gani?

Haya yanatuhusu sisi. Mwaka 2017, mashine za YouTube za kutafuta video za kigaidi zilifuta maelfu ya video za vita vya Siria, pamoja na zile zilizoonyesha mateso ya raia. Watu wa Syrian Archive walikuwa wamekwisha kuweka nakala nyingi. Mwaka ule ule, huku kwetu, video ya wanajeshi wakiua raia Mwanza-Lomba, Kasaï, ilizunguka mitandaoni. Serikali ilianza kwa kuikana. Mwezi wa tatu, wanajeshi 7 walikamatwa. Kama hakuna mtu aliyeiweka ile video, tungeongea juu ya nini?

Tena tukumbuke tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kisha uchaguzi: intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Finalisti ambaye masomo yake yote yalikuwa kwenye mtandao alibaki mikono mitupu. Yule aliyekuwa na faili zake kwenye diski aliendelea na memwari yake.

Sisemi kila kitu ni ruhusa. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua bila idhini yake ao ya mwenye haki, na Kongo iko na sheria ya haki za watunzi tangu 1986. Mwanamuziki wa kwetu anakula kwa kazi yake: kupakua wimbo wake na kuuza kopi kwenye fleshi ni kumuibia, hata uitetee namna gani. Lakini kuko masomo yaliyotolewa kwa leseni huru, kuko video zetu wenyewe, kuko ushuhuda ambao kesho unaweza kufutwa. Kwa hivi, mimi naona kuhifadhi ni wajibu wa msomi.

Nyinyi mnasemaje? Wanasheria wa ukurasa huu, tunawangojea hapa chini.