Mnyororo wa Futi 66

Mnyororo wa wapima ardhi wa zamani ulikuwa na viungo 100 na urefu wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Ukipima mnyororo mmoja upande huu na minyororo kumi upande ule, umepata ekari. Hesabu hiyo nilifundishwa na mzee wa Kimilili aliyeshika mnyororo enzi za Wazungu, wakati sisi vijana wa miaka ya 1980 tulikuwa tayari tunatumia utepe wa chuma. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya utepe, kusimamisha fito za rangi nyekundu na nyeupe, na kufyeka vichaka ili sarveya aone mbele. Sasa nimestaafu, naishi hapa Tuwan, mjini Kitale, na kila nikisikia mtu akisema mashamba ya Trans Nzoia yalipimwa na Wazungu, moyo hunichoma. Mzungu alitazama kwenye darubini na kuandika. Waliopima kwa miguu na mikono walikuwa watu wetu.

Hata njia hazikufunguliwa na wao. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipotoka pwani Machi 1883, sehemu kubwa ya safari yake aliambatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezoea kuvuka nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu. Mwisho wa mwaka huo Thomson akafika kwa Sundu, pale tunapopaita Mumias, kisha akauona mlima Elgon na mapango ambamo Wakony waliishi pamoja na ng'ombe wao. Ramani yake aliichora kwa dira, saa na kulitazama jua. Lakini dira haikuonyeshi kisima kilipo. Kisima unaonyeshwa na mtu.

Baada ya misafara ikaja bunduki. Mwaka 1895 Wabukusu walivunjwa nguvu kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe, wakati afisa wa Kiingereza C. W. Hobley akitawala kutoka Mumias. Mwaka 1902 eneo letu lote likahamishwa kutoka Uganda kuingia Himaya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo ikatoka sheria iliyoruhusu ardhi kugawiwa walowezi kama mali ya mfalme wa Uingereza.

Hapo ndipo kinapoanza kisa ninachokifikiria kuliko vyote. Agosti 1903, baada ya Wayahudi kuuawa huko Kishinev, serikali ya Uingereza iliwaambia viongozi wao, Wazayuni, kwamba ingeweza kuwapa Wayahudi nchi ya kukaa huku kwetu; baadaye ukatajwa uwanda wa Uasin Gishu. Mapema mwaka 1905 wakaja watu watatu kuukagua: Meja Alfred Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi kutoka Urusi. Walizunguka wiki chache tu. Wakaangalia udongo, maji, miti na nyasi, wakaandika taarifa, na katika mkutano wa Basel mwaka huohuo Wazayuni wakaukataa uwanda. Siwalaumu watu waliokuwa wanakimbia kifo. Linaloniumiza ni kwamba nchi nzima ilijadiliwa Ulaya kana kwamba haina mwenyewe, kwa sababu wapitaji waliona nyasi ndefu na ng'ombe wachache.

Nyasi zile zilikuwa na historia yake. Wamasai wa Uasin Gishu walikuwa wamemalizwa na vita vya karne ya 19, kisha sotoka ya miaka ya 1890 ikafagia mifugo. Na kabla yao walikuwepo Wasirikwa. Yeyote aliyepima uwanda huu anayajua mashimo yao, mabonde madogo ya mviringo yaliyobaki mahali pa mazizi. Utepe wetu ulikuwa ukifika juu ya shimo la Wasirikwa unalegea katikati, na sarveya anapiga kelele tuvute zaidi, maana utepe uliolegea husoma umbali mrefu kuliko ulivyo. Nilivuta utepe juu ya zizi la watu wa kale mara nyingi, na kila mara nilijiuliza ni nani alithubutu kuandika kwamba hapa hapakukaa mtu.

Makaburu hawakusubiri kujiuliza. Oktoba 1908 magari yao ya kukokotwa na ng'ombe yalifika uwandani kutoka Nakuru, yakiongozwa na Jansen van Rensburg. Mashamba yakapewa namba. Namba 64 ndiyo iliyogeuka kuwa mji wa Eldoret, na wazee wa huko waliuita Sisibo kwa miaka mingi. Kutoka hapo walowezi walivuka mto Nzoia kwenye daraja lililobeba jina la mwindaji Hoey, ambalo leo ni Moi's Bridge, wakaingia upande wetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, mashamba waligawiwa askari wa Kizungu kwa kuchomoa majina kama bahati nasibu. Reli ikafika Kitale mwaka 1926.

Sasa fikiria mstari wenyewe ulivyopita. Sarveya akitafuta pembe ya shamba hakuuliza ng'ombe hunywa wapi, wala njia ya kwenda mapangoni Elgon walikolamba chumvi. Mstari ulikata kijito, ukakata kaburi, ukaenda. Kwenye mteremko mnyororo ulishikwa ukiwa sawa na maji yaliyotulia, futi chache chache, mmoja ameinua mikono juu ya kichwa na mwenzake amepiga goti, kwa sababu ramani huhesabu ardhi kana kwamba ni tambarare. Mzee wangu wa Kimilili aliniambia mabega yaliuma usiku kucha. Na shamba likishapimwa, aliyelipima hakuweza kukaa humo ila kama skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi ya mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kulima kipande na kufuga. Mwaka 1932 Wakony walikwenda mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter kudai nchi yao ya Trans Nzoia. Hawakurudishiwa.

Upimaji bado unaweza kuua. Watu wa Chepkitale waliondolewa mlimani Elgon mwaka 1968 eneo lao lilipofanywa hifadhi ya wanyama, na kuanzia 1971 wakapewa makazi Chepyuk. Ploti zikakatwa kwa awamu, orodha zikafutwa na kuandikwa upya, na ilipofika awamu ya tatu waombaji walizidi ploti kwa maelfu. Vita vya wanamgambo wa SLDF (Sabaot Land Defence Force) vilizuka 2006, jeshi likaingia Machi 2008. Vyote hivyo vilitokana na karatasi ya nani yuko ndani ya mstari na nani yuko nje.

Tulipokuwa tukiyakata mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni za wananchi, kazi ya kwanza ilikuwa kuzitafuta bikoni za zamani, chuma kilichosimikwa kwenye saruji na kufukiwa na udongo. Tulichimba kwa kufuata ramani tukakosa. Kisha anatokea mzee mmoja na fimbo yake. “Wanangu, hapo mnachosha majembe bure. Hatua ishirini mbele, karibu na ule mkaratusi uliopasuka.” Tunachimba, jembe linagonga chuma. Alijua kwa sababu shimo lile alilichimba baba yake. Kwenye hati mna sahihi ya mpima ardhi mwenye leseni, lakini jina la baba wa yule mzee halimo.

Makumbusho ya Kitale yalianza mwaka 1926 na vipepeo na vitabu vya Luteni Kanali Stoneham. Naomba yatenge kabati moja kwa mnyororo wa viungo 100, na karibu yake orodha ya waliouburuta. Majina ya baadhi ya watu wa Kimilili, Ndalu na Endebess ninayo. Nimeanza kuyaandika, na nawaomba wenye baba na babu waliofanya kazi hiyo walete yao.