Nyama ya moto mdogo

Ng'ombe mzee wa Masisi ana nyama ngumu, na wamama wa zamani hapa kwetu Himbi walijua dawa yake: chungu kizito, maji kidogo, kifuniko cha kubana, mbabula yenye makala yaliyofunikwa na majivu, tangu asubuhi mpaka saa nane. Moto mkali unakaza nyama. Moto mdogo unayeyusha mishipa, mchuzi unakuwa mzito. Lakini saa zote hizo zinakula makala, na mengi yanatoka katika miti ya parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha Matebe kilifunguliwa Rutshuru. Sufuria ya umeme ingepika vilevile, polepole. Nani atainunua?