Amri ya Nne katika Darasa la Kipaimara

Darasa la Kipaimara huwakusanya vijana wa rika lisilo rahisi. Wamekwisha kupokea Komunyo ya Kwanza, hivyo hawapendi kufundishwa kama watoto; lakini bado hawajakomaa kiasi cha kubeba peke yao maswali waliyo nayo. Wengi wako katika madarasa ya juu ya shule ya msingi au wameanza sekondari. Baada ya hapo baadhi yao huenda bweni, wengine huenda mjini kutafuta kazi, na kwa wengi darasa hili ndilo la mwisho la mafundisho ya dini yenye utaratibu. Kwa sababu hiyo, katekista anayeharakisha kumaliza kitabu kabla ya ujio wa Askofu hujinyima nafasi ambayo huenda asiipate tena.

Tuchukue mfano wa amri ya nne, na tuutazame kutokea Mawengi, katika nyanda za juu za Wilaya ya Ludewa, ndani ya Jimbo la Njombe lililoundwa mwaka 1968. Mkoa wa Njombe umeumizwa sana na UKIMWI. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017, asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa huu walikuwa wakiishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Dawa zimeokoa maisha ya wengi. Hata hivyo, zipo nyumba ambamo bibi ndiye aliyewalea wajukuu tangu wakiwa wachanga. Zipo pia nyumba ambazo baba aliondoka kutafuta maisha, na habari zake zikakoma.

Mwalimu anaposema, “Waheshimu baba yako na mama yako,” kijana wa nyumba ya namna hiyo hukariri vizuri pamoja na wenzake, kisha hunyamaza. Ukimya huo usidhaniwe kuwa ndiyo kuelewa. Ndani yake mna swali: nimheshimu nani? Na kama baba alitutelekeza, heshima hiyo ni ipi?

Kanisa lina jibu pana kuliko linalotolewa kwa kawaida darasani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2199, yaeleza kwamba amri hii inahusu kwanza watoto na wazazi wao, kisha inaenea kwa ndugu wa ukoo, na inadai heshima, upendo na shukrani kwa wazee na kwa waliotutangulia. Basi yatima anayeiombea roho ya mama yake na kumtekea bibi maji anaitimiza amri ya nne. Kuhusu baba aliyeondoka, mwalimu aseme wazi kwamba kumheshimu si kuyaita mabaya mema. Kijana anaweza kumwombea bila kulazimishwa kujifanya kwamba hakuumia.

Hapa busara yahitajika. Mwalimu asimwulize kijana habari za wazazi wake mbele ya wenzake, wala asiruhusu ugonjwa wa mtu yeyote utajwe. Ni afadhali kila mmoja aandike swali kwenye karatasi bila jina, nalo lijibiwe kwa wote. Swali lenye jeraha kubwa lisiishie darasani: mwalimu amwalike yeyote anayetaka kuzungumza amfuate Padre, au mtu mzima mwingine anayeaminika.

Haya yote hayamaanishi kwamba kukariri kuachwe. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Catechesi Tradendae wa mwaka 1979, alitetea nafasi ya kumbukumbu katika katekesi, mradi maneno yanayokaririwa yaingie moyoni. Wenyeheri Daudi Okelo na Jildo Irwa wa Uganda walifanya hivyo hivyo. Walikuwa makatekista huko Paimol wakiwa na umri wa miaka kama 16 na 12. Daudi alipiga ngoma alfajiri kuwaita wakatekumeni kusali, akawakaririsha maswali na majibu, na sehemu nyingine akaziimba ili zishikike. Jildo aliwavuta watoto wenzake kwa michezo. Waliuawa Oktoba 1918, wakatangazwa Wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Nashangaa kwamba hawatajwi mara nyingi zaidi katika madarasa yetu, ilhali walikuwa rika lile lile la wanafunzi tunaodai hawawezi kukabidhiwa jambo. Kijana wa Kipaimara aweza kuwaongoza wadogo wa Utoto Mtakatifu katika sala, au kumsomea Injili bibi ambaye macho yamefifia.

Na bibi huyo asisahauliwe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 774, yawataja wazazi kuwa wenye wajibu wa kwanza wa kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano, na wajibu huo huo yawapa wale wanaoshika nafasi ya wazazi. Kikao cha wazazi kinapoitishwa kabla ya Kipaimara, tangazo kanisani liseme “wazazi na walezi”, na bibi apewe kiti cha mbele pamoja na wengine.